Shangazi wa Cherehani za Poti

Wifi yangu hajui kuringa, kwa hiyo nitaringa mimi kwa niaba yake. Na mtu akiniambia natia chumvi, nitamwambia aje aonje mwenyewe.

Ni dada wa mume wangu. Watoto wote pale kiwandani humwita Shangazi, hata wale wasio na undugu naye wa karibu wala wa mbali. Akina mama nao wamewaiga watoto wao, mpaka mlinzi wa getini, mzee wa watu mwenye mvi kichwa kizima, humwamkia kwa utani, "Shikamoo, Shangazi!" Naye humjibu bila kusimama, "Marahaba mwanangu, umenawa mikono?" Ni mfupi, ana miguu minene ya mtu ambaye maishani amesimama zaidi ya kukaa, na akicheka mabega yanatikisika bila sauti kutoka.

Kiwanda chetu kinashona sare. Za shule, za wauguzi, za walinzi, chochote kinachovaliwa na watu wengi kwa mpigo. Ghorofani kuna ukumbi wa cherehani, laini sita, kila laini mafundi ishirini. Mimi niko laini ya tatu, nashona kola. Ukishuka ngazi na kupita stoo ya vitambaa, unakuta vyumba viwili vya watoto wetu. Cha kwanza ni cha wadogo, wenye nepi. Cha pili ni cha wakubwa, na huko hakuna meza ya kubadilishia nepi wala mtu wa kubadilisha. Mtoto akikaribia miaka mitatu anahamia kwa wakubwa, lakini sharti awe ameacha nepi. Wifi ndiye mlezi wa wadogo, na mimi nasema mbele ya mtu yeyote kwamba katika kazi hiyo hakuna wa kumfikia.

Hakuanzia hapo. Miaka tisa alikuwa anaosha vyoo vya kiwanda. Nasema vyoo, sizunguki, kwa sababu yeye mwenyewe hazunguki. Aliingia kazi hiyo mwaka aliorudishwa kwao. Alikuwa ameolewa miaka sita, mtoto hakupatikana, mume akaamua kwamba tatizo haliwezi kuwa lake, akamrudisha. Wifi alifika kwetu na sanduku moja na mto wa kulalia, akauliza atalala wapi, na kesho yake akaenda kutafuta kazi. Sikumwona akidondosha chozi. Wakati ule nilidhani ana moyo mgumu. Miaka mingi baadaye ndipo aliponiambia kwamba alikuwa akilia kule kule vyooni, akishafungua mabomba yote.

Siku moja mlezi wa wadogo aliugua ghafla. Mlezi mkuu, mama mmoja mrefu wa miwani na daftari, akamkuta wifi kwenye korido na ndoo yake. "Hebu niangalizie hawa nusu saa," akamwambia, "usiwafanye chochote." Ilikuwa saa ya poti. Na saa ya poti siku zile, jamani, ilikuwa vita. Watoto kumi na mmoja wamepangwa ukutani, kila mmoja na poti yake ya plastiki, wanaambiwa kaa hapo mpaka utoe. Mmoja akilia, wote wanafuata. Mwingine anainuka na poti imemganda matakoni, anatimua nayo mbio. Mlezi anabembeleza, anatishia, anabembeleza tena, na mwisho wa yote poti ni kavu na sakafu ndiyo imelowa.

Wifi aliitua ndoo, akaipindua, akaikalia katikati yao. Hakusema neno juu ya kukojoa. Alianza tu kukanyaga sakafu, kisigino na vidole, kisigino na vidole, huku mdomo ukifanya tikitikitikitiki. Watoto wakanyamaza. Dari ya chumba kile inatetemeka kutwa kwa cherehani zetu, mlio ule wameuzoea kabla hawajajua kusema.

"Mama yuko wapi?" wifi akauliza.

Mmoja akaonyesha juu kwa kidole.

"Anafanya nini?"

"Anashona."

"Basi na sisi leo tuna kazi nyingi. Mafundi, tayari? Haya, kanyaga!"

Wakakanyaga. Watoto kumi na mmoja, makalio kwenye poti, miguu inacheza, wanashona hewa kwa bidii kuliko sisi tunaolipwa. Mtoto akishasahau kwamba amekalishwa, mwili unafanya kazi yake wenyewe. Mlezi mkuu aliporudi, poti saba zilikuwa na kitu ndani. Alizitazama zote, akavua miwani, akaifuta, akazitazama tena. Mwezi uliofuata ndoo ya wifi alipewa mtu mwingine.

Hapo ndipo alipojenga karakana yake. Aliomba makatoni matupu ya vifungo, akayafunga vizuri kwa gundi, akapachika kila moja mfuniko wa kopo ubavuni uwe gurudumu la kuzungusha. Chini aliweka vipande vya mbao juu ya mwanzi, vinavyopanda na kushuka kama pedali ya kweli. Mbao hizo si mchezo tu. Wifi anasema miguu ya mtoto ikining'inia, tumbo nalo linagoma. Ikipata pa kukanyaga, mambo yanakwenda. Kila mtoto alichagua kitambaa chake kutoka kwenye mabaki ya stoo, kikabandikwa kwenye cherehani yake. Sasa usithubutu kuikalia cherehani ya mwenzio. Utajuta.

Fundi akimaliza kazi anaita, "Mkaguzi!" Wifi anakuja na futi ya kupimia shingoni, anainama, anatazama ndani ya poti kwa uso ule ule wa mkaguzi wetu wa ghorofani akitazama mshono. Anatikisa kichwa taratibu. Mtoto anabana pumzi. "Kazi safi. Ipite!" Kisha wanakwenda pamoja kuimwaga chooni, wanavuta maji, wanaiaga kwa mikono miwili, wananawa. Na hapo ndipo anapopigwa lebo kifuani. Stoo ilikuwa na gunia zima la lebo zilizochapwa vibaya, zimeandikwa "Imekaguliwa" huku herufi zimelala upande. Wifi anaibana moja kwa pini ya usalama kwenye gauni au fulana, mtoto anatembea nayo kutwa kama mtu aliyepandishwa cheo.

Na akijikojolea? Hakuna kelele, hakuna "we mchafu wewe". Wifi anasema, "Aa, uzi umekatika tu. Tunaunga, tunaendelea." Anampa mtoto tambara lake dogo, yeye anashika kubwa, wanafuta wote wawili wakiimba. Nimeona watoto wa mafundi wenzangu wakiacha nepi ndani ya wiki mbili, wengine wiki moja. Mwaka ule hapakuwa na mtoto wa laini ya tatu aliyemshinda.

Isipokuwa wangu.

Binti yangu tunamwita Meneja. Jina hilo alijipatia mwenyewe, tangu hajajua kusimama, kwa kunyoosha kidole na kugawa amri: wewe kaa pale, wewe leta kile. Baba yake ni dereva wa lori, nusu ya mwezi yuko njiani, na akirudi hata yeye huelekezwa pa kuweka viatu vyake. Nilijua mtoto huyu ataacha nepi kwa siku tatu. Nilishatangaza. Nilisema mbele ya laini nzima, na mimi nikisema nasema kwa sauti.

Wapi! Meneja aliipenda cherehani yake kuliko watoto wote. Alichagua kitambaa cha bluu cha sare za wauguzi. Alikaa kwenye poti akiwa wa kwanza na kuinuka akiwa wa mwisho, anakanyaga, anazungusha gurudumu, anawakemea wavivu. Lakini poti ilikuwa kavu kila siku. Alikuwa anapishanisha vifundo vya miguu, anauma mdomo wa chini, anabana. Anabana asubuhi yote! Akivalishwa nepi ya kulalia mchana, usingizi ukimchukua tu, mafuriko. Na choo kikubwa ndiyo balaa zaidi, siku tatu, siku nne, kisha kilio. Wifi alimpa papai na maji mengi, akamsugua tumbo, na hakumlazimisha hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nalazimisha, jioni nyumbani, na sikupata kitu zaidi ya machozi, yake na yangu.

Jioni tukishuka ngazi kuchukua watoto, kila mama anatazama vifua. Lebo, lebo, lebo, hongera, hongera. Meneja anatoka kifua kitupu. Fundi wa vifungo, jirani yangu kwenye laini, akaniambia, "Siku tatu zimekuwa ndefu mwaka huu." Nikacheka kwa meno tu. Siku iliyofuata nikafanya jambo la aibu, na kwa kuwa nimeamua kusema, nitalisema: niliiba lebo. Nilichukua nzuri kabisa, iliyonyooka, kutoka meza ya mkaguzi, nikaibana kwenye gauni la Meneja pale korido kabla hatujakutana na watu. Meneja akaitazama. Akaing'oa na pini yake, akanirudishia mkononi.

"Mimi sijakaguliwa," akasema.

Mtoto hata miaka mitatu hajatimiza! Nilitamani sakafu inimeze.

Basi mlezi mkuu akaniita, akafungua daftari lake. Meneja anatimiza miaka mitatu mwezi huu. Chumba cha wadogo kimejaa na kuna vichanga vinasubiri nafasi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi ndiyo siku ya kuhamisha watoto. Akipata siku tatu kavu mfululizo kufikia siku hiyo, anahamia kwa wakubwa. Asipopata, nimtafutie pengine. "Si mimi, ni utaratibu," akasema, na alisema kwa huruma, sitamsingizia. Lakini pengine wapi? Mama yangu yuko mbali, mume wangu yuko barabarani, majirani wote wanatoka kwenda kazini kabla yangu. Kama Meneja hana pa kukaa, nami sina cherehani. Na kushona kola ndiyo kazi pekee duniani ninayoijua vizuri. Zilibaki wiki mbili.

Jumamosi mchana wifi akaja nyumbani na papai. Akaketi, akamenya, akakata vipande. Akaniambia kwa sauti yake ile ya chini, "Wifi, huyu mtoto si mkaidi. Anakuiga."

"Ananiiga vipi?"

"Jana nilimuuliza, fundi, huna kitu cha kukaguliwa? Akanijibu, mama hainuki. Nikamuuliza tena. Akasema, mama hodari, mama hainuki."

Hapa lazima nieleze, maana mgeni hawezi kuelewa. Msimamizi wetu ana kibao kimoja cha mbao chenye kamba, kinaning'inia msumarini karibu na meza yake. Ukitaka kwenda chooni unakivaa shingoni. Kikiwa nje, mwingine asubiri. Kibao kimoja, mafundi ishirini. Tukajifunza kubana. Tulipokwisha kujifunza, tukaanza kushindana, na mimi nikawa bingwa. Kwenye laini naitwa Chuma. Nakaa asubuhi, nainuka kengele ya chakula tu, nakaa tena, nainuka jioni. Na nikifika nyumbani, hata viatu sijavua, naanza: "Leo sikuinuka hata mara moja! Wote wamekwenda, mimi kimya!" Meneja anapiga makofi, "Mama hodari!" Kila siku ya Mungu, tangu anatambaa. Nilikuwa nafurahi, nani hafurahi kusifiwa na mwanawe?

Kwa hiyo wifi aliponiambia maneno yale, yalinichoma, kwa sababu niliyajua kuwa ni kweli kabla hajamaliza. Na mimi nikichomwa siangalii nasema nini. Nilimtolea uvivu. Nikamwambia, "Wewe ambaye hujazaa utanifundisha mimi kulea?"

Wifi alimaliza kukata papai. Akampa Meneja kipande, akampangusa kidevu, akaosha kisu, akakiweka mahali pake. Akajitupia mtandio begani. "Jumatatu nitakuwa pale pale," akasema, akatoka.

Mume wangu alipopiga simu nikamsimulia, nikitegemea atanitetea. Akauliza mara moja tu, "Umemwambia dada yangu hivyo?" Nilimsikia akipumua na injini ya lori ikinguruma, mpaka salio likaisha.

Jumatatu nikakaa kwenye cherehani yangu. Kola zilikuja nyingi, nikazama. Ilipofika saa nne nilikuwa nimebanwa vibaya, na kwa mazoea nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Bahati nikadondosha bobini ya uzi. Nikainama kuiokota, nikaona miguu yangu chini ya meza. Vifundo vimepishana. Na meno yangu, nikahisi sasa, yalikuwa yameuma mdomo wa chini. Niliganda pale chini ya meza na bobini mkononi. Nilikuwa Meneja mtupu. Yaani mtoto nilimfundisha mwenyewe, siku baada ya siku, tena kwa furaha, halafu nikamlaumu kwa kufaulu.

Nikainuka. Nikaenda msumarini, nikavaa kibao.

"Chuma!" msimamizi akashtuka. "Unaumwa?"

"Siumwi. Nimebanwa."

Laini yote ikaangua kicheko. Wacheke. Sikwenda choo cha ukumbini, nilishuka ngazi mpaka kwa wadogo, maana karibu na mlango wao kuna choo cha walezi. Wifi alikuwa anapanga cherehani zake. Akaniona na kibao shingoni, akaacha kupanga.

"Wifi, nilikosea," nikasema.

"Ulikosea sana," akajibu. Akanitazama kidogo, akasogea kunipisha. "Haya ingia. Sema kwa sauti, asikie."

Meneja alikuwa kwenye poti yake, anakanyaga. Aliponiona akaacha mdomo wazi. Mama hajawahi kushuka wakati wa kazi. Nikachuchumaa mbele yake. "Mama amebanwa," nikamwambia. "Mama ameinuka, anakwenda chooni. Akimaliza atarudi kushona."

"Umemaliza kola?" akaniuliza kwa ukali.

"Bado. Zitanisubiri."

Alikunja uso kama mtu aliyeambiwa uongo. Nikaingia chooni, nikaacha mlango wazi kidogo ili asikie maji yakivutwa. Nilipotoka, wifi alikuwa amekwisha kujivika futi shingoni. "Fundi wa kola," akasema kwa sauti nzito, "kazi imeonekana?" Nikasema ndiyo. "Ipite!" Akanibana lebo kifuani, ile ya herufi zilizolala upande. Watoto wote wakapiga makofi, isipokuwa mmoja. Meneja aliitazama lebo ile kifuani mwangu mpaka nikaondoka. Siku hiyo poti yake ilikuwa kavu. Ngazini fundi wa vifungo akaniuliza hicho kifuani ni nini, nikamwambia nimekaguliwa, nikapita.

Jumanne nikashuka tena, saa ile ile. Kavu. Jumatano kavu. Wiki nzima nilishuka na kibao, na kila jioni nyumbani nikivua viatu nilisema, "Leo mama aliinuka mara mbili!" Mara ya kwanza Meneja hakupiga makofi. Alisubiri nicheke, akidhani ni utani. Ijumaa jioni nikalia jikoni, nikampigia wifi simu, nikamwambia sioni dalili. Akasema, "Miaka mitatu umemfundisha hivi, unataka afundishike vile kwa siku tano? Kunywa maji, lala."

Jumatatu, wiki ya mwisho, nilikuwa kwenye ngazi bado, kibao shingoni, nikasikia sauti ya Meneja kutoka ndani, sauti ile ya kugawa amri. "Mama anainuka! Na mimi nainuka!" Kisha kimya. Nikasogea mlangoni. Hakuwa ameinuka. Alikuwa amekaa kwenye poti yake, mbao imesimama, vifundo vimeachana, mikono imeshika katoni la bluu. Na ndani ya kile kimya tukasikia, wote, walezi na watoto na mimi mlangoni, mlio mdogo wa maji kwenye plastiki. Meneja akajitazama katikati ya mapaja. Akashangaa.

"Imetoka," akasema polepole. Halafu akakumbuka cheo chake. "Mkaguzi!"

Sijawahi kumwona wifi akikimbia, lakini siku ile alikimbia. Na bado, alipofika, hakumnyanyua juu, hakupiga vigelegele. Alijivika futi, akainama, akatazama poti kwa makini kweli, kwa sababu fundi yule hakubali lebo ya bure, na wifi analijua hilo kuliko mimi niliyemzaa. "Rangi nzuri," akasema. "Haikumwagika nje hata tone. Kazi safi. Ipite!" Meneja alisogeza kifua mbele kupokea lebo. Mimi nilikuwa nimeshika mlango, nimebanwa na machozi juu na mkojo chini, nikakimbilia chooni.

Jumanne alijikojolea mara moja, asubuhi mapema, kwenye mkeka. "Uzi umekatika tu," akajiambia mwenyewe kabla ya wifi kufungua mdomo, akaenda kuchukua tambara. Lakini daftari la mlezi mkuu haliangalii uzi wala tambara. Kwa hiyo ilibaki Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, zote kavu, na hakuna nafasi ya kosa. Jumatano ikapita kavu. Alhamisi ikafika ile kazi kubwa yenyewe, baada ya siku tatu za papai. Nasikia ilichukua dakika ishirini, chumba kizima kikikanyaga pamoja naye kumsaidia, na alipoita mkaguzi walikuja kukagua wenzake wote, wakapanga foleni, kila mtu akainama, akatikisa kichwa, akasema ipite. Wifi aliponisimulia mabega yalitikisika mpaka akakaa chini.

Ijumaa nilishona kola kadhaa pande zake zikapishana, ikabidi nizifumue. Roho ilikuwa juu juu. Wifi alikuwa ameamua kumlaza mchana bila nepi, kwa sababu kwa wakubwa hawalali na nepi, na yeye akisema mtoto ameacha nepi anataka awe ameacha kweli. Saa kumi kengele ikalia, nikashuka ngazi nikipita watu.

Akina mama walikuwa wamejaa mlangoni. Mlezi mkuu alikuwa amesimama na daftari wazi, na Meneja mbele yake, nywele zimesimama za usingizi, gauni kavu, lebo kifuani. Mlezi mkuu alipapasa shuka la mkeka wake kwa kiganja, huku na huku. Akafungua kalamu. Akaandika jina la binti yangu kwenye ukurasa wa wakubwa.

Kisha akamgeukia wifi. "Shangazi, sema ukweli. Huyu mimi nilikuwa nimekwisha kumkatia tamaa. Umemfundishaje?"

Mlango ule ulikuwa na mama si chini ya thelathini, nusu yao wa laini yangu. Wifi alikuwa na haki yote ya kusema. Angesema kwamba ni mimi niliyemharibu mtoto, kwamba aliligundua yeye wakati mimi najisifu, kwamba nilimtukana nyumbani kwangu kwa jambo ambalo hakuna mtu anayepaswa kutukanwa kwalo. Wala asingekuwa ameongeza hata neno. Fundi wa vifungo alikuwa ametega sikio.

Wifi alikuwa anafuta poti ya bluu kwa tambara. Hakuinua hata kichwa.

"Mimi nilipanga viti tu," akasema. "Aliyemfundisha ni mama yake. Alikuwa anashuka kila siku."

Wakanigeukia wote. Mmoja akanipiga bega, mwingine akanishika mkono, hongera Mama Meneja, hongera sana, kumbe wewe unaweza. Nikazipokea zile hongera zisizo zangu, mbele ya mwenyewe, naye akamaliza poti ile, akachukua nyingine. Nilitaka kupaza sauti kwamba si mimi, ni huyu hapa, mwangalieni. Badala yake nikapenya katikati ya watu, nikapiga magoti pale sakafuni kando yake, nikachukua tambara, nikaanza kufuta poti pamoja naye.